Wito kwa Wateja wa Mangi

Ndugu zangu wa Mbagala, Manzese, Tabata na kote Dar es Salaam ambako unga hununuliwa kwa robo na mafuta ya kula kwa kupima, nina ombi kuhusu kijana anayetuhudumia nyuma ya zile nondo za duka la mtaani.

Tunamwita Mangi, kana kwamba ni Mchagga, hata kama kwao ni Singida. Tunadhani duka ni lake, na mara nyingi si lake. Ni la mjomba wake, au la tajiri mwenye maduka mengine mawili, na yeye ni mwajiriwa anayelala humo humo, godoro likitandikwa kati ya viroba vya unga na kreti za soda. Saa kumi na mbili asubuhi ameshafungua, maana mkate umefika na mwanafunzi anataka peni. Saa nne usiku bado anakata sabuni vipande. Katikati ya hapo ameshusha mfuko wa sukari wa kilo 50, ameufunga nusu nusu na robo robo, huku akiuza vocha na kujibu salamu za mtaa mzima. Akibanwa na haja humwomba fundi cherehani wa jirani amwangalizie duka.

Lakini kazi ngumu zaidi ni daftari. Mtoto anakuja mbio: "Mangi, mama kasema umpe nusu ya mchele, atapita kulipa." Afanyeje? Mama huyo anamfahamu, na mtoto ana njaa. Anaandika. Kibandiko cha "Kukopa harusi, kulipa matanga" kipo ukutani juu ya kichwa chake, ila sijaona mtu aliyekisoma akaghairi. Mwisho wa mwezi tajiri anakuja kupiga hesabu, mzigo na pesa havilingani, na swali ni moja: nani alikuruhusu kukopesha? Pengo hilo hukatwa kwenye mshahara wake. Kwa hiyo mchele tuliokula kwa mkopo tukabadilisha njia ya kurudi nyumbani, aliulipia kijana ambaye huenda analipwa pungufu kuliko sisi. Hilo linanikera kuliko mengine yote.

Mnakumbuka sukari ilivyoadimika mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani. Serikali ilitangaza bei elekezi, lakini mitaani kilo moja ilifika shilingi 4,000 na kupita. Matusi yakaishia kwa kijana wa dukani, ambaye hana shamba la miwa wala kiwanda, na kwenye duka la jumla alinunua kwa bei aliyotajiwa. Kuuliza bei ni haki ya mteja, hata kumwambia apime upya mbele yako. Kumwita mwizi kwa sababu sukari imepanda ni kumwonea.

Na chenji, jamani! Mtu anaamka na noti ya 10,000, ananunua kiberiti, kisha ananuna akiambiwa asubiri. Tuwe tunatunza sarafu za jana kwa ajili ya asubuhi.

Nanyi wenye maduka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu pia, hata kama kijana ni mtoto wa dada yako. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na kila wiki anastahili saa 24 za kupumzika. Najua duka haliwezi kufungwa mchana kutwa. Wekeni kijana wa pili wa kupokezana, au mkae wenyewe Jumapili. Mwekeeni na stuli. Na kama mmemwachia daftari, kubalianeni mapema nani anakopeshwa na mwisho kiasi gani, badala ya kumgeuzia hesabu mwezi ukiisha.

Desemba inapokaribia, wale wa Kilimanjaro huanza kufunga maduka na kupanda mabasi kwenda Moshi na Rombo. Nauli inahitajika, na nyumbani wanasubiri zawadi. Ukiwa na deni, lipa kabla ya wiki ya Krismasi. Pesa yote kama haijatimia, peleka nusu mwenyewe, usimtume mtoto, na umwambie iliyobaki utaipeleka lini.