Mzazi aliyebaki na lugha ya amri

Tangu mfumo wa elimu ya umilisi, uliozoeleka kwa jina la CBC, uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, malalamiko ya wazazi kuhusu kazi za nyumbani hayajakoma. Tumesikia mengi kuhusu makatoni ya kukatwakatwa, rangi za kununuliwa na picha za kuchapishwa usiku wa manane. Ila ipo kazi moja isiyogharimu hata senti na ambayo, kwa jinsi nilivyoona miongoni mwa jamaa, majirani na wanafunzi wangu walio wazazi, ndiyo inayowatoa wengi jasho. Ni ile ambapo mwalimu wa Gredi ya Kwanza au ya Pili humwagiza mtoto aende nyumbani akasimuliwe hadithi, ategewe vitendawili au afundishwe wimbo ambao mzazi wake alikuwa akiimbiwa utotoni.

Kazi hiyo ifikapo, baba humtazama mama, naye mama humtazama yaya. Simu hupigwa mashambani kumwomba nyanya aisimulie kwa dakika tatu ngano iliyozoea kuchukua jioni nzima. Nyanya naye husimulia kwa lugha ambayo mjukuu haielewi, ikabidi mama atafsiri akiwa amesimama jikoni. Asubuhi mtoto hupeleka shuleni muhtasari. Kazi imefanywa, alama imewekwa, lakini hakuna aliyesimuliwa hadithi.

Jibu la haraka ambalo hutolewa kila mjadala huu unapozuka ni kwamba televisheni na simu ndizo zilizomfukuza fanani sebuleni. Sikatai kuwa vyombo hivyo vina sehemu yao ya lawama. Hata hivyo, umeme hukatika katika nchi yetu, tena si mara haba, na simu huishiwa na moto. Lau kizuizi kingekuwa ni vyombo hivyo pekee, tungetarajia hadithi zirejee kila giza linapoingia. Hazirejei. Watu hukaa kimya wakisubiri taa ziwake.

Rai yangu ni kwamba tatizo lenyewe ni la lugha. Wazazi wengi wa mijini, hasa wale wenye vyeti, wameamua kuwalea wana wao kwa lugha waliyoijulia darasani. Kwa lugha hiyo walifanya mitihani, wakaandika barua za kuomba kazi, na sasa wanaendesha mikutano ya ofisini. Sisemi hawaimudu. Ninachosema ni kuwa hawakuwahi kubembelezwa kwayo, hawakutaniwa na babu kwayo, wala hawakuitumia kugombea zamu ya kuruka kamba. Hivyo basi, mzazi anapoigeuza kuwa lugha ya malezi hujikuta amebaki na sehemu yake moja tu, ile ya kuagiza na kukataza. Vaa viatu. Maliza chakula. Usiguse. Umemaliza hesabu? Sikiliza nyumba nyingi za mijini saa za jioni nawe utasikia Kiingereza sahihi kabisa, ambacho karibu vitenzi vyake vyote viko katika hali ya kuamuru.

Hali hii ina historia yake. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, na pendekezo hilo limerudiwa hadi katika mtaala wa sasa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ilinde na kukuza lugha za wananchi. Hayo ndiyo maandishi. Shuleni, vizazi kadhaa vya watoto vilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kutamka neno la nyumbani, desturi ambayo marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kwa uchungu katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichochapishwa mwaka 1986. Aliyevishwa kibao jana ndiye mzazi wa leo. Ameapa kwamba mwanawe hatavishwa, na kwa sababu hiyo amemfungia nje ya lugha yenyewe, pamoja na nyimbo zilizomo ndani yake.

Kwa nini nyimbo hizo zisitafsiriwe basi, tukatatua tatizo? Hapa naomba nivae joho langu la isimu kidogo. Bembelezi haina habari nyingi ya kutafsiriwa. Ukiitoa takriri, vina, tanakali za sauti na ule mwendo wa pumzi ya mlezi, hubaki maneno mawili matatu yasiyo na uzito. Kiswahili kina silabi zilizo wazi kwa wingi, na mkazo wake takriban daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mtoto anayerushwarushwa magotini kwa wimbo wa Kiswahili hurushwa silabi kwa silabi, na mwili wake huanza kuhesabu vipande vya maneno miaka mingi kabla hajaonyeshwa herufi. Katika lugha zenye toni, kama vile Kikuyu na Kijaluo, muziki wa wimbo aghalabu hauendi mbali sana na toni za maneno, kwa hiyo anayebembelezwa hufunzwa pia jambo ambalo tahajia ya lugha hizo kwa kawaida haimwonyeshi.

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Mwaka 1980, DeCasper na Fifer walionyesha kuwa mtoto ambaye hajatimiza siku tatu tangu azaliwe hubadilisha mwendo wake wa kunyonya ili apate kusikia sauti ya mamake badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Kiumbe huyo hajui neno hata moja, lakini sauti ya mama anaijua na anaitafuta. Mwaka 1989, Bryant na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 64 wa Uingereza waliofuatiliwa tangu umri wa miaka mitatu na ushei hadi walipopita sita. Waliojua nyimbo na vina vingi vya kitoto mapema ndio waliokuja kuwa wepesi wa kutambua sauti ndani ya maneno na, hatimaye, wa kusoma. Matokeo hayo yalisimama hata baada ya kuzingatia akili za watoto na hali za nyumbani kwao. Walimu wa Gredi ya Kwanza wanaohangaika na mtoto asiyeweza kutenga silabi, wakati mwingine wanalipa deni ambalo halikuwa lao.

Lakini sitaki suala hili ligeuke kuwa la kusoma tu, maana tutakuwa tumeigeuza bembelezi kuwa masomo ya ziada. Zingatia kitendawili. Wanafunzi wa sekondari watakumbuka hatua zake: anayetega hutangaza, anayetegwa hukubali, swali hutolewa, majaribio hufanywa, na aliyeshindwa hudaiwa mji. Baba akishindwa na binti yake wa miaka saba, itambidi ampe Mombasa. Binti ana haki ya kuikataa Mombasa na kudai Kisumu. Akiridhika, hujigamba kwa alivyopokelewa mji huo na vyakula alivyokula huko, ndipo atoe jibu kwa hisani yake. Je, ni wapi kwingine katika jamii yetu yenye kuheshimu umri ambapo mtoto anaruhusiwa kumwambia mzazi kuwa amekosea, akamdai fidia, na mzazi akacheka? Hakuna sheria wala mahubiri yanayoweza kuleta ukaribu wa aina hiyo. Mtoto aliyewahi kumshinda babake kwa kitendawili huthubutu siku nyingine kumwendea na jambo zito zaidi.

Hapa sharti nitahadhari, kwa kuwa wengi wanaoandika kuhusu jambo hili hupaka jana rangi za kupendeza. Mzazi wa zamani hakuwa akiketi kando ya kitanda cha mwanawe kumsomea. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Abagusii, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba akina mama wa huko walimtuliza na kumlinda mtoto mchanga kwa bidii kubwa, ila hawakuzungumza naye sana uso kwa uso kama walivyofanya wenzao wa Boston. Hadithi zilikuwa za nyanya, na michezo ya kuimba ilikuwa ya ndugu na marika. Katika jamii zetu nyingi ilikuwa mwiko kusimulia ngano mchana, na nadhani mwiko huo ulizilinda kazi za shamba zaidi ya ulivyozilinda ngano. Mama alikuwa na kuni za kutafuta.

Kwa hiyo, tunapomtaka mzazi wa leo awe fanani, tunamwongezea kazi ambayo mamake hakulazimika kuifanya peke yake. Nyanya yuko mashambani, binamu wako mitaa mingine, na jirani hajulikani hata jina. Katika chumba kimoja cha mjini kuna mtoto na watu wazima wawili, pengine mmoja, aliyerejea kwa matatu saa mbili za usiku. Hilo ndilo badiliko lenyewe. Kazi iliyogawanywa kwa watu kumi imemwangukia mmoja, naye amenyang'anywa lugha ya kuifanyia.

Yupo mtu mwingine nyumbani humo ambaye hatumtaji katika warsha zetu. Ni yaya. Huyu msichana aliyetoka Kitui, Vihiga au Kilifi mara nyingi ndiye mtu pekee katika nyumba nzima ambaye kichwa chake bado kimejaa nyimbo, vitanza ndimi na visa vya sungura na fisi. Ndiye anayeshinda na mtoto mchana kutwa. Na ndiye ambaye, siku ya kwanza ya kazi, huonywa asimharibu mtoto kwa lugha ya kwao. Basi fanani bora wa nyumba hunyamaza, huwasha televisheni, na mtoto huzungumzishwa na katuni. Nimeona mengi ya kushangaza katika sera zetu za lugha, lakini sijaona la kushangaza kuliko familia inayomlipa mshahara mtu mwenye hazina kwa sharti kwamba asiifungue.

Shule nazo zina fungu lao. Mwaka 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka fasihi ya Afrika, ikiwemo ile ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo badala ya pembeni. Walifaulu kwa kiasi kikubwa. Fasihi simulizi leo hutahiniwa katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili kwenye KCSE, na wanafunzi huweza kuorodhesha sifa za bembelezi bila kusita: huimbwa kwa sauti ya chini, hurudiarudia maneno, huahidi zawadi, hudokeza kero za mlezi. Kila mwaka mimi huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ni nani anayeweza kutuimbia bembelezi moja, kwa lugha yoyote aijuayo. Wanaojitolea huwa wachache, na baadhi yao hukiri kwamba waliufunzwa wimbo huo na mkufunzi wa tamasha la muziki la shule. Sifa wanazijua wote.

Kuna pingamizi mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza ni ya wenye ndoa za makabila tofauti, wanaouliza watumie lugha ya nani. Watumie zote mbili, na Kiswahili kiwe cha tatu. Mtoto hana upungufu wa nafasi kichwani. Ya pili hutoka kwa mzazi asemaye kuwa Kiingereza ndicho lugha yake ya kwanza, kwa kuwa alizaliwa na kukulia ndani yake. Huyo sina ugomvi naye hata kidogo. Kama anaweza kutania, kubuni na kukosea kwa makusudi katika Kiingereza, na amsimulie mwanawe kwa Kiingereza hadi kuche. Vivyo hivyo kwa vijana wa mitaani waliozaliwa na Sheng. Swali langu halihusu uzalendo. Nauliza tu kama mzazi anaweza kucheza na lugha anayomlea nayo mtoto.

Kuhusu uchovu sina dawa, ila nitasema hivi: kitendawili kimoja huchukua muda mfupi kuliko kufua soksi, na hutegeka wakati soksi zikifuliwa. Wasiokumbuka chochote wanaweza kusimulia siku mtoto alipozaliwa, au jinsi babu alivyofukuzwa na ndume wa jirani. Hiyo nayo ni hadithi, na mtoto ataidai tena kesho kutwa, neno kwa neno.

Kwa walimu wenzangu wa madarasa ya chini nina ombi moja. Mnapoipeleka kazi hii nyumbani, msiidai kwa maandishi, msiidai kwa video, na msimtake mzazi atie sahihi. Pindi inapotiwa sahihi huwa ripoti, na mzazi wa leo ana ripoti za kutosha ofisini. Mwambieni mtoto tu kwamba usiku huo amtege mtu mzima yeyote nyumbani, akiwemo yaya, na asimwache mpaka apewe mji. Nimeulizwa na mwalimu mmoja atajuaje basi kama kazi imefanywa. Hatajua, na sioni ubaya wake.