MKAGUZI AKIISHA KUONDOKA

Siku ya mkaguzi kila mtu aijua. Uwanja umefagiwa, chaki zimeonekana, hata mtoto mtoro yuko darasani na shati safi. Hatuwacheki walimu kwa hayo. Mgeni hupokewa hivyo katika nyumba yoyote. Twauliza jambo jingine: mgeni huyo akiisha kuondoka, yale aliyoyaandika huenda wapi?

Kwanza wananchi waielewe kazi yenyewe. Chini ya Mwingereza, ukaguzi ulifungamana na ruzuku. Shule ya misheni iliyomridhisha inspekta ilipata msaada wa Serikali, na kishule cha porini cha kufundishia dini kikaachwa kijitafutie. Inspekta alikuwa akizilinda fedha za mabwana zake. Sisi tuliirithi kazi hiyo tukaipa shabaha nyingine. Mwaka 1969 shule zilizokuwa zikipewa ruzuku zilitiwa mikononi mwa Taifa, na Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978 ikaweka wakaguzi chini ya Kamishna wa Elimu. Siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule. Jina hili si baya. Lile la kale lilinuka polisi kidogo.

Kiunzi cha uthibiti ubora cha mwaka 2017 chawataka watazame mambo sita: maendeleo ya mwanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule, na ushirikiano na jamii. Wakifika kwa tathmini ya jumla huketi nyuma ya darasa wakasikiliza. Hufungua madaftari ya watoto, na daftari haliwezi kupakwa chokaa asubuhi ya ugeni: kama kazi haikusahihishwa tangu mwezi uliopita, wataiona. Huhesabu madawati na matundu ya choo. Huzungumza na wanafunzi na Kamati ya Shule. Mwisho huketi na mwalimu mkuu, wakamweleza waliyoyaona, ndipo taarifa ikaandikwa.

Hadi hapo hatuna ugomvi na mtu. Kasoro iko mbele yake. Mthibiti ni mtumishi wa Wizara ya Elimu, lakini shule za Serikali huendeshwa na Halmashauri, nazo ziko chini ya TAMISEMI. Basi mthibiti aandika kwamba darasa la tatu limejaa kupita kiasi na choo cha wasichana kimetitia, lakini hana tofali, hana fundi, wala hana uwezo wa kuhamishia pale mwalimu mmoja. Yeye hupendekeza tu. Akirudi kwa ufuatiliaji, kama amepata gari na mafuta ya kurudia, akakuta choo ni kile kile, ataandika tena.

Na mzigo wa kulaumiwa humwangukia nani? Mwalimu mkuu! Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika shuleni, nasi tulishangilia na bado twashangilia. Lakini fedha za uendeshaji zilizowekwa wakati wa MMEM, mwaka 2002, shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, zilikuwa bado ni hizo hizo. Kumkagua mtu kwa kitu ambacho hakupewa ni kumwonea.

Hatusemi ukaguzi upunguzwe. La! Mwalimu mlevi na mwalimu mtoro wapo, na watoto wa wakulima ndio wanaolipa. Twasema taarifa isifungiwe kabatini. Upo muhtasari uliokusudiwa wazazi. Usomwe katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili cha kila siku, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji wakiwapo. Nao madiwani, katika kikao cha baraza, wamwulize Mkurugenzi shule kwa shule: wathibiti walipendekeza nini, kipi kimefanyika, kipi hakikufanyika na kwa sababu gani.

Wanachama wetu wengi wamo katika Kamati za Shule. Wiki hii waiombe taarifa ya mwisho ya shule yao. Watazame tarehe yake kwanza, kisha waende nayo hadi kwenye choo.