Behewa la boksi lililonikosesha alama za TP

Jamani wadau, najua nimepotea hapa kijiweni. Nilikuwa TP. Nimerudi chuo salama, nimeungua jua, boom bado halijatoka (hilo lina siku yake). Leo nina dukuduku moja tu, linahusu treni.

Nilipangiwa Jiografia kidato cha tatu, mada ya skeli. Sasa mwanafunzi ukimwambia 1:50,000 anakariri tu, hana picha. Nikaona nitengeneze behewa la mizigo la ile reli yetu ya kati ya zamani, kwa skeli ya 1:50. Kwa nini hiyo? Kwa sababu reli ile ina upana wa mita moja kamili, milimita 1000. Gawa kwa 50 unapata 20. Hata asiyependa hesabu anaiweza.

Vifaa vilikuwa vya bure karibu vyote. Bodi ni boksi: ukilowanisha karatasi ya juu na kuibandua, yale mawimbi ya ndani ni bati tupu. Ekseli na reli ni spoki za baiskeli. Gurudumu ni vifungo viwili vya nguo, kikubwa upande wa ndani, kidogo nje, ndiyo ile kingo inayozuia gurudumu lisichomoke. Mataruma nilichonga vijiti vya mishikaki, kokoto ni mchanga wa kuchekecha, miti ni dodoki lililochovywa rangi ya kijani.

Baba mwenye nyumba niliyopanga ni mstaafu wa reli. Nikamwamkia, nikamwonyesha kwa majivuno. Akaligeuzageuza weee, halafu: "Mwanangu, mpira wa breki uko wapi? Hili ukilishusha mteremko wa Saranda mtakufa wote." Halafu akauliza, mbona safi hivi, limetoka dukani jana? Nikakaa naye jioni tatu. Kutu tulipaka kwa udongo mwekundu na gundi, ukianzia chini ya milango na kwenye kona ambako maji hukaa, siyo popote tu. Breki nikaweka (mrija wa peni). Kuanzia hapo lilikuwa behewa kweli, zamani lilikuwa boksi lenye vifungo.

Darasani nikalaza reli tatu sambamba kwenye ubao. Ya kati milimita 20. Ya TAZARA, ambayo kweli ni 1067, ikawa kama 21 na kitu. SGR, 1435, ikawa karibu 29. Nikamwita binti mmoja wa nyuma, mkimya sana, alisukume behewa kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kwa macho huoni tofauti. Likaenda kidogo, gurudumu moja likatumbukia ndani, behewa likalala ubavu. Darasa zima liliinuka! Yule binti ndiye aliyeuliza: "Sasa mizigo inavukaje?" Ndipo nikawapa habari ya Kidatu, ambako reli hizi mbili zinakutana na mzigo unahamishwa kutoka treni moja kwenda nyingine. Milimita 67 tu, wadau.

Mkaguzi wangu alikuwa amekaa nyuma. Akaniita nje: "Mwalimu, hapa tunafundisha au tunacheza?" Kwenye fomu, zana za kufundishia nikapata alama za huruma.

Niseme ukweli, kwenye muda alikuwa na haki. Kipindi pacha cha dakika 80 nilikula 40 na behewa, mazoezi ya ramani tukayakimbiza. Hilo ni kosa langu. Lakini neno "kucheza" silikubali. Wenzangu wanabandika chati ya kununua, imefika imekamilika, mwanafunzi anaitazama kama kalenda. Hii yangu imeangushwa na mkono wake mwenyewe.

Na washikaji wa hosteli wanaoniambia "tengeneza SGR bwana, hiyo ya mita imepitwa", mnakosea. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kila mtu ameipiga picha. Haya mabehewa ya zamani wanaoyajua mpaka mpira wa breki ni wazee kama baba mwenye nyumba wangu, nao hawaongezeki. Tena Uswisi kule reli ya Rhätische Bahn ni mita moja kama yetu, na watu wazima wananunua modeli zake za 1:87 zinazopita kwenye reli ya milimita 12. Hawaoni aibu. Sisi tuna maboksi ya bure tunaona aibu.

Behewa nimemwachia yule binti, aliomba. Mimi sasa najenga kipande cha Saranda chini ya kitanda, mwenzangu wa chumba amenuna kwa sababu ya mchanga. Mwenye vifungo vikubwa vya koti asitupe, aniletee.