Mzazi wa Kukodi Hatoshi

Kila muhula, kuanzia Naivasha hadi Molo, kuna mwanafunzi anayeshuka kwenye matatu akiwa na sare ya shule, sanduku la chuma na barua mfukoni. Amesimamishwa masomo na anatakiwa arudi na mzazi. Wengi hufika nyumbani, wakakaripiwa, na mambo yakaendelea. Lakini wapo wasiofika. Hao hulala kwa rafiki, kisha hutafuta mtu mzima pale stejini, wakapatana bei, na siku ya kuripoti huingia naye langoni kama baba, mjomba au shangazi. Walimu wetu wamemjua mzazi huyu wa kukodi kwa miaka mingi.

Ukikaa ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu siku ya kesi kama hizo, utamtambua. Hukasirika upesi kuliko mzazi halisi. Humfokea kijana mbele ya walimu, huomba apewe adhabu kali, hukubali kila neno na kutia sahihi palipoonyeshwa. Haulizi kosa lilianzaje wala kijana alikuwa na nani alipolitenda, na hata alama za muhula uliopita hazimhusu. Baada ya dakika chache anaondoka na malipo yake, mwanafunzi anarudi darasani, na faili inafungwa. Kilichomfanya aruke ua, avute bangi au amtese mwanafunzi mgeni bado anacho, na mama yake hana habari.

Ndiyo maana naandika kwenu, wazazi wenzangu wa Nakuru na majirani zetu wa Nyandarua, Baringo na Kericho. Kesi ya nidhamu ya mtoto wako ni miadi yako mwenyewe. Nenda.

Najua hoja inayosikika Njoro, Bahati na kwingineko: sisi tulichapwa na tukawa watu, kwa hiyo turudishieni kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inamtoza anayemwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumdhalilisha faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Nasimama na sheria hiyo bila kusita. Lakini mbona hatusomi kilichowekwa mahali pa kiboko? Sheria hiyo hiyo inasema mwanafunzi asifukuzwe kabisa kabla yeye na mzazi wake hawajapewa nafasi ya kusikizwa. Inaitaka halmashauri ya shule ihakikishe wanafunzi wote wanapata ushauri nasaha. Inaweka chama cha wazazi katika kila shule ya umma, na inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi kwenye halmashauri yenyewe. Yote hayo ni mazungumzo, na mazungumzo yanataka watu waje. Tuliondoa fimbo, kisha tukaacha viti vya wazazi wazi.

Kutosikizana kumetugharimu sana nchini. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2017, wasichana 10 walikufa katika moto wa Moi Girls, Nairobi. Mwaka 2016, katika muhula wa pili pekee, shule zaidi ya 100 zilikumbwa na visa vya moto. Mikono ya wanafunzi ilihusishwa na mingi ya mioto hiyo, na siamini kwamba hasira ya kiasi hicho huzaliwa usiku mmoja. Kabla ya kiberiti kuwashwa huwa kumekuwa na minong'ono, barua, na watoto waliotumwa nyumbani wakarudi bila kuulizwa lolote.

Simlaumu mama anayekata maua Naivasha ambaye akikosa zamu moja mshahara unapungua, wala mkulima wa viazi wa Mau Narok ambaye nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha nyumbani. Mabweni ya hapa yana watoto kutoka mbali, wengine Samburu na Turkana. Kwa hao nawaomba walimu wakuu wanyoshe mkono. Andikeni kosa waziwazi kwenye barua. Pigeni simu kwa nambari iliyo kwenye faili ya kujiunga siku hiyo hiyo mtoto anapotoka langoni, ili ijulikane ameondoka saa ngapi na anatarajiwa wapi. Pokeeni wazazi Jumamosi. Na msimwite mzazi kutoka Maralal kwa sababu ya shati lililochomolewa. Kosa dogo limalizwe na mwalimu wa darasa, shughuli ya mzazi ibaki kwa mambo mazito.

Kwenu ndugu zangu wa bodaboda, makanga na wenye vibanda karibu na shule: mtoto wa sare akikujia na mia chache akuombe uwe baba yake kwa asubuhi moja, kataa. Mwombe nambari ya mama yake, umpigie ukiwa naye hapo. Huenda akakuchukia siku hiyo, na iwe hivyo.

Jambo lingine ni la Januari. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia shule za sekondari mwaka huu wa 2026, na wazazi wengi walizunguka madukani mjini na orodha mkononi: godoro, ndoo, kufuli, blanketi, viatu vyeusi. Orodha hiyo ilisomwa mara tatu. Ukurasa wa nyuma, wenye sheria za shule, ulitiwa sahihi foleni ikisonga, kalamu ikiwa ya kuazima. Tafuteni nakala yake sasa. Ketini na kijana jioni moja, msome pamoja sheria ya simu, ya kutoka bila ruhusa, ya dawa za kulevya, ya uonevu. Muulizeni ipi anaiona ya haki na ipi inamwonea. Ile inayoonea ipelekeni kwa chama cha wazazi, kwa maana sheria za shule hubadilishwa na watu wanaohudhuria mikutano.

Akina baba, nawaambia hasa ninyi. Mikutano hiyo imejaa akina mama. Barua ikifika nyumbani wiki hii, usimtume mjomba wala kaka mkubwa. Kama siku iliyoandikwa haikufai, piga simu shuleni uombe nyingine, kisha uende wewe mwenyewe, ukae, na umwache mtoto aseme kwanza.