Chuma Huanza Kuliwa Usoni

Pumba za mpunga zina mchanga ndani yake. Zichome, na majivu yatakayobaki ni takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake. Majivu hayo karibu yote ni silika, ile ile iliyomo katika mchanga mweupe wa mtoni. Mwenye mashine ya kukoboa wa Choma cha Nkola, wilayani Igunga, hahitaji kusoma kemia ili alijue hilo. Anaiona rola ya chuma ikitoka imelambwa mbavu zake, chekeche limetoboka, na shafti imelika pale inapokaa beringi hadi inacheza kama jino bovu. Ananunua nyingine. Baada ya misimu michache ananunua tena. Lakini iweke shafti ile kuukuu kwenye mizani: karibu uzito wake wote bado upo. Kilichoondoka ni sehemu ya milimita, mahali pamoja tu, na kwa ajili ya hiyo tunatupa chuma kizima.

Toleo hili linahusu sehemu hiyo ya milimita. Mada yake ni kunyunyizia metali: ufundi wa kuyeyusha waya au unga wa metali na kuurusha kwa hewa ya kasi juu ya kifaa kingine, kipate tabaka jipya la kuzuia kutu au la kuhimili msuguano. Waandishi wetu wataeleza mitambo. Mimi nina dai moja nataka kuliweka mezani kabla hawajaanza: kwa karakana za Tabora na wilaya zake, bunduki ya kunyunyizia ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kuujua uso wa chuma, yaani kuusafisha, kuupima na kuandika kinachoupata. Karakana isiyojua hayo, hata ikipewa mtambo wa mamilioni, itazalisha maganda ya kubanduka.

Nchi hii ya magharibi si ngeni kwa biashara ya metali. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kuingia Unyanyembe kabla ya kuelekea Ujiji, ilibeba nguo, shanga na mizigo ya waya wa shaba mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Kutoka upande wa Usumbwa yalikuja majembe ya chuma kilichoyeyushwa na wahunzi wenyewe, yakauzwa Tabora na kutumika hata katika mahari. Jembe lililolika halikutupwa. Lilirudi kwenye mvukuto likawa kisu au ncha ya mshale. Chuma kilikuwa ghali kwa jasho na kwa makaa, na kilichokuwa ghali kilitunzwa. Kisha ukaja wingi wa vyuma vya kutoka nje, na kwa urahisi wake tukasahau hesabu.

Reli ya kati, iliyofuata kwa kiasi kikubwa njia hiyo ya wapagazi, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Moja ya mizigo mikubwa iliyopita juu yake ilikuwa meli nzima. Goetzen ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Iliunganishwa upya Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanashindwa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isichukuliwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliotoka nayo Papenburg walizipaka injini zake grisi nene.

Waingereza waliiibua mwaka 1924. Injini na boila zikaonekana bado zinafaa, na Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo abiria wa Kigoma na Kasanga wamelijua kizazi baada ya kizazi. Sifa zote tusiipe grisi. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya asidi, pH yake inakaribia 9, na chuma huumia taratibu zaidi katika maji ya namna hiyo kuliko katika maji makali ya visima vingine. Hata hivyo nauhusudu uamuzi wenyewe. Watu wako vitani, wanakimbia, na muda uliobaki wanautumia kulinda uso wa chuma wanachokwenda kukitupa majini. Ni mafundi wangapi wetu leo, wakiwa na muda wote na bila vita yoyote, hupaka hata mafuta machafu kwenye plau kabla ya kuiegesha ukutani baada ya kulima?

Wakati masanduku yale yanapita Tabora, Mswisi Max Ulrich Schoop alikuwa tayari ameshagundua njia ya kuvisha chuma metali nyingine kwa kuipuliza. Inasimuliwa kwamba alipata wazo kwa kuwaona watoto wakipiga risasi za risasi ukutani, zikibapa na kushika. Alianza kuipatia hataza karibu mwaka 1909, Zürich. Kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni joto na kasi. Bunduki ya gesi huyeyusha waya kwa oksijeni na asetilini, kwenye nyuzi kama 3,000. Bunduki ya umeme hukutanisha nyaya mbili, tao la umeme likaziyeyusha, hewa ya kompresa ikazirusha. Plazima huvuka nyuzi 10,000. Na kuna bunduki za mwako wa kasi, zinazorusha chembe kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Hizo ndizo zinazovisha mapanga ya tabini za umeme wa maji kabidi ya tungsteni, ili mchanga wa mto usiyale.

Katika njia zote hizo, tone la metali halikiyeyushi chuma linakoangukia. Linagonga, linabapa, na kujishikiza kwenye vibonde vya uso uliokwaruzwa. Kila kitu kizuri na kila kitu kibaya cha ufundi huu kinatokana na hapo.

Kizuri ni kwamba kifaa hakipati joto kubwa. Irudie ile shafti. Fundi wetu wa kawaida huijaza kwa kuchomelea, kisha huipeleka kukerezwa. Joto la kuchomelea huipinda, na pembeni mwa palipojazwa chuma hukakamaa na kuwa tayari kupasuka. Ndiyo maana shafti iliyokarabatiwa kwa njia hiyo hukatika karibu na kiraka chake, na mteja akarudi na maneno. Shafti hiyo hiyo ikinyunyiziwa kwa bunduki ya umeme, kwa waya wa chuma chenye asilimia 13 ya kromu, yenyewe hubaki chini ya nyuzi 150 hivi. Haipindi. Hukerezwa hadi kipimo chake na kurudi kwenye beringi.

Kwa upande wa kutu, zinki na alumini hufanya kazi ya ziada: tabaka likichubuka, zinki hujitoa kuliwa kabla ya chuma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 tu, hivyo haihitaji moto wa kutisha. Chama cha Uchomeleaji cha Marekani kiliweka vipande vya chuma vilivyonyunyiziwa baharini na kwenye hewa ya viwandani, kikavifuatilia kwa miaka 19 na kutoa ripoti mwaka 1974. Alumini ya unene wa kati ya milimita 0.08 na 0.15 ilikilinda chuma muda wote huo. Daraja la barabara la Forth, Scotland, lililofunguliwa mwaka 1964, lilinyunyiziwa zinki kabla ya kupakwa rangi, kwa sababu hakuna beseni la zinki linaloweza kumeza daraja. Hapo ndipo unyunyiziaji unapoushinda uchovyaji wa chuma katika zinki iliyoyeyuka: bunduki hukifuata kifaa kilipo.

Sasa kibaya chake. Tabaka lililoshika kwa kukwama tu hubanduka likipigwa. Nyundo za mashine ya kusaga mahindi, ncha za plau zinazokutana na mawe nyuma ya maksai wa Igunga, mabamba ya karasha za wachimbaji wadogo wa Nzega: hivyo vyote huishi kwa kupigwa, na kwavyo elektrodi ya kuchomelea uso mgumu bado ndiyo bwana. Tena tabaka haliongezi nguvu. Shafti yenye ufa, hata uipake dhahabu, ina ufa.

Na kuna mahali bunduki haifiki kabisa. Bomba la pampu ya mkono huliwa ndani na nje, mita nyingi chini ya ardhi. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilichapisha utafiti wa Langenegger kuhusu kutu kwenye pampu za mkono Afrika, ulioonyesha kwamba maji yenye pH chini ya 6.5 hayazuiliki kwa bomba lililochovywa zinki. Wanakijiji wanaona maji mekundu, wali unabadilika rangi, nguo nyeupe zinaharibika, wanarudi kwenye dimbwi. Kisima kinahesabiwa kizima kwenye makaratasi huku hakina mtu. Uganda ilisitisha matumizi ya mabomba hayo kwenye pampu za mkono mwaka 2016. Dawa ya tatizo hilo ni plastiki au chuma cha pua, pamoja na kupima pH kabla ya kununua. Nalitaja katika toleo la kusifu unyunyiziaji makusudi, maana najua ukishanunua bunduki, kila kitu kitaonekana kinahitaji kunyunyiziwa.

Nirudi kwenye usafi, ambao ndio ugomvi wangu mkubwa. Kwa rangi nyingi za kuzuia kutu, uso hupigwa mchanga hadi kiwango kinachoitwa Sa 2½. Kwa alumini ya kunyunyizia hudaiwa Sa 3, chuma cheupe kitupu, kisha tabaka liwekwe ndani ya saa chache, kabla uso haujaanza kupata kutu upya. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu. Hewa ya kompresa yenye maji nayo inatosha. Kiangazi chetu kikavu cha kuanzia Juni ni rafiki mkubwa wa kazi hii, rafiki ambaye mafundi wa Tanga na Mombasa hawana, lakini hakimsaidii mtu anayesugua kutu kwa brashi ya waya, akaipangusa kwa kitambaa cha jana na kusema tayari.

Ninaposema kupiga mchanga, ninasema kwa woga. Mchanga wa mto Manonga ni wa bure na uko karibu, na kuna mtu atakayefikiri kuutia kwenye kompresa. Asithubutu. Silika ikivunjika kwa kasi ile huwa vumbi linaloingia hadi chini ya pafu na kubaki humo. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa silika katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Watu wanaoishi karibu na machimbo ya dhahabu wanaujua ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo bila kuufundishwa. Hutumika ganeti, au kokoto za chuma zinazokusanywa na kutumika tena, na mfanyakazi huvaa kofia yenye hewa yake. Moshi wa zinki nao huleta homa ya usiku kucha, ambayo wachomeleaji wetu wa mabati huituliza kwa maziwa. Maziwa hayasaidii kitu; dirisha wazi na barakoa ya kweli ndivyo vinavyosaidia.

Je, Choma wanunue bunduki? Hapana, na nasema hivyo bila kuwadharau. Mtambo wa tao la umeme unataka fezi tatu, kompresa kubwa na kazi za kuulisha mwaka mzima. Mahali pake ni Tabora mjini, ambako kuna karakana ya reli na chuo cha VETA, na ambako reli mpya ya kisasa inajengwa kupita. Mtambo mmoja, wenye mafundi wawili waliofundishwa vizuri, unaweza kupokea shafti za Igunga, Nzega, Urambo na Sikonge. Kinachotakiwa Choma ni venia, mafuta ya kusafishia, na fundi anayejua kutofautisha shafti ya kupelekwa Tabora na ya kupelekwa kwa mnunuzi wa skrapa. Ujuzi huo wa kutofautisha haujafundishwa popote kwa umakini, na ndio ningeuweka kwenye mtaala kabla ya picha yoyote ya plazima.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Mkataba wa tangi la maji au wa nguzo za chuma unaosema tu "lipakwe rangi ya kuzuia kutu" ni kama haujasema kitu. Uandike kiwango cha usafi, unene wa tabaka kwa mikroni, na nani atakayepima. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Igunga na Tabora kwa mabomba marefu na gharama kubwa. Kipimo cha unene wa tabaka ni kifaa cha kutia mfukoni.

Tunaanza na ombi kwa wenye mashine za kukoboa na kusaga wa Choma, Ziba, Nkinga na kwingineko. Kila mnapofunga shafti au rola mpya, andikeni tarehe, kipenyo chake kwa venia, na magunia mnayokoboa kwa wiki. Mnapoitoa, pimeni tena mahali pale pale. Tutachapisha vipimo hivyo, bila majina ya wenye mashine, kando ya bei ya kujaziwa shafti moja, ili mwenye mashine afanye hesabu yake kabla hajapanda basi la Tabora.