Tusiishie Kwenye Kivuli cha Mekatilili

Adhuhuri moja hivi majuzi, jua la Malindi likiwa utosini na tuktuk zikivuma kila upande, niliingia Bustani ya Mekatilili wa Menza kutafuta kivuli. Hapo awali iliitwa Bustani ya Uhuru. Leo sanamu ya shujaa huyo imesimama humo. Chini ya mti niliwakuta wanafunzi wanne. Nikawauliza: “Wanangu, Mekatilili maana yake nini?”

“Ni shujaa aliyewapinga Waingereza,” walijibu.

Hiyo ilikuwa sifa, si maana ya jina. Wakanyamaza. Aliyejibu ni mama muuza mabuyu: “Ni mama wa Katilili, mwalimu. Kwetu mwanamke huitwa kwa mwanawe.”

Kwa sentensi moja, mama yule alifundisha mofolojia. Katika jina hilo, me- hubeba maana ya mama, na Katilili ni jina la mtoto. Jina la kuzaliwa la shujaa wetu lilikuwa Mnyazi. Basi mwaka 1913, alipowahimiza Wagiriama wasilipe kodi wala kuwatoa vijana wao kufanya kazi za wakoloni, alisema akiwa mzazi, na jina lake lilikuwa sehemu ya hoja yake. Alikamatwa Oktoba mwaka huo, akahamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu.

Bustani ya umma hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kunyakuliwa. Jijini Nairobi mwaka 1991, Zarina Patel aliongoza upinzani uliookoa Bustani ya Jeevanjee isigeuzwe maegesho ya magari. Njia ya pili haina kelele: miti husalia, jina husalia, ila maana huondoka. Kifo cha namna hii hakiandamaniwi na mtu.

Wapo watakaodai kwamba lugha ya mama humchelewesha mtoto kufaulu mitihani. Sikubaliani nao. Kigiriama na Kiswahili ni ndugu katika kundi la lugha za Sabaki. Mwanafunzi atambuaye kuwa mutu na atu ndiyo mtu na watu, ameanza kuzielewa ngeli kabla hajafungua kitabu cha sarufi. Isitoshe, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Wajibu huo hautatimizwa kwa sanamu pekee.

Walimu wenzangu, ombi langu si kubwa. Wapelekeni wanafunzi bustanini walau mara moja kwa muhula. Kila mmoja aje na jina moja la ukoo au la kijiji, pamoja na maana yake kama alivyoelezwa na bibi au babu. Gharama yake ni daftari na kalamu. Wazee wenye majibu wangali hai, lakini hawatatungoja milele.

Wanafunzi wale walinunua mabuyu, wakaketi karibu na yule mama, wakaanza kumuuliza majina yao wenyewe. Niliondoka nikiwa na tumaini.