Kabla ya Mbegu, Uliza Mtungi Ulikuwa na Nini

Mvua za vuli zinapokaribia, zile ambazo wenyeji wengi wa huku huziita deyr, watu hushikwa na hamu ya kupanda mboga nyumbani. Ni hamu njema na mimi kama daktari siwezi kuipinga. Ploti ni ndogo, ardhi ni ngumu, na sukuma wiki ya sokoni aghalabu hufika Garissa na Bura ikiwa imenyauka kwa safari ndefu ya lori. Basi mtu hutafuta chombo, akatia udongo, akapanda. Swali analouliza ni moja tu: mbegu gani inafaa? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza chombo chenyewe kilikuwa na nini mwezi uliopita, wala udongo umechotwa wapi. Na hayo mawili, msomaji wangu, ndiyo yanayoweza kumleta mwanao kwangu.

Kwa wasomaji wa mbali, Bura ni mbili. Moja iko mashariki ya mto Tana, upande wa Garissa, katika Fafi. Nyingine iko magharibi ya mto, katika Kaunti ya Tana River, penye skimu ya umwagiliaji iliyoanza kupokea walowezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zao kuu la skimu hiyo lilikuwa pamba, na pamba hupendwa mno na wadudu; haistawi bila kunyunyiziwa dawa mara kwa mara. Pamba ilikwisha pampu za maji zilipolemewa, na baadaye yakaja mahindi na mazao mengine, lakini mazoea ya kunyunyiza yalibaki. Palipo na dawa pana mitungi mitupu, na katika sehemu kame kama hii mtungi hautupwi. Huoshwa, huuzwa, huazimwa, hukatwa.

Tazama pia jinsi lugha yetu inavyotuponza. Kidonge ninachokupa cha malaria ni dawa. Kile anachonyunyiza mkulima kuua viwavi nacho tunakiita dawa. Mtu akiambiwa mtungi huu ulikuwa wa dawa, moyo hautishiki. Laiti tungaliuita mtungi wa sumu tangu mwanzo, sidhani kama kuna mama angaliupeleka nyumbani.

Nieleze kwa nini kuosha hakutoshi. Plastiki ngumu ya mitungi hii hunyonya sehemu ya kemikali ndani ya ukuta wake, kisha huitoa polepole siku na miezi inayofuata, hasa chombo kikikaa juani. Mpini wenye uwazi ndani hubakiza mabaki ambayo kitambaa hakifiki. Hali kadhalika nyuzi za mdomo pale kifuniko kinapofungia. Unapoukata mtungi kwa kisu ili uwe chungu cha mboga, unapata vyombo viwili: kitako kinachopandwa, na sehemu ya juu ambayo watu wengi huifanya kata ya kumwagilia. Hiyo ya juu ndiyo yenye mpini na mdomo.

Nimewahi kuletewa mtoto wa miaka minne aliyekunywa maji kwa kata ya namna hiyo. Mate yalikuwa yakimtoka kama maji, jasho limemlowesha, na mboni za macho zimesinyaa zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Nyanya yake alinishika mkono akasema, "Daktari, mtungi niliuosha kwa sabuni ya unga siku tatu." Nilimwamini. Ulikuwa umeoshwa kweli. Mtoto alipona kwa sababu atropini ilikuwepo na kituo kilikuwa karibu. Katika sehemu hizi mambo hayo mawili hayakutani kila siku.

Kuna na jambo ambalo wataalamu wa kilimo hawajalifikiria vya kutosha. Kanuni ya mashirika ya FAO na WHO ni kwamba mkulima akimaliza dawa asuuze chombo mara 3, maji ya kusuuzia ayamimine ndani ya bomba lake la kunyunyizia, kisha akitoboe chombo ili kisitumike tena. Kanuni ni nzuri. Mtungi uliotobolewa haubebi maji ya kunywa wala maziwa. Lakini mtu anayetafuta chungu cha kupandia anatafuta nini? Anatafuta chombo chenye matundu chini! Tahadhari yenyewe imemtengenezea chungu tayari. Kwa hiyo kutoboa peke yake hakufai. Lazima mtungi uondolewe kabisa mikononi mwa watu. Kuuchoma nyuma ya nyumba nako ni kuvuta sumu ileile kwa pua.

Ninavyoona mimi, kumlaumu mama aliyenunua mtungi kwa shilingi chache ni dhuluma. Lebo ilikwisha kubanduka zamani, na aliyemuuzia huenda naye hajui. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Basi maduka ya pembejeo yapokee mitungi mitupu, na anayerudisha apewe kitu kidogo kama tulivyokuwa tukirudishiwa pesa za chupa ya soda. Katika skimu, wanaogawa dawa kwa wakulima wahesabu mitungi inayotoka na inayorudi. Hilo halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini.

Wewe nawe, utumie chombo gani? Chagua kile kilichokuwa na chakula, na ambacho wewe mwenyewe ulikiona kikiwa na chakula. Mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia uliomaliziwa jikoni kwako unafaa sana. Ule uliookotwa sokoni usiuguse, kwa kuwa wauzaji wengine huhamishia dawa ndani ya mitungi hiyohiyo. Debe la samli linafaa, na kutu yake haidhuru, ila kunja kingo zake kwa nyundo kabla hazijamkata mtu. Ndoo kuukuu ya rangi sipendi, kwa maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Tairi kuukuu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu nitakayoitaja baadaye. Chungu cha udongo wa kufinyanga ni kizuri kwa mizizi, kwani hupumua na kubaki na ubaridi, lakini katika jua la Garissa hukauka haraka na utamwagilia asubuhi na jioni. Chombo cheusi kipake chokaa au kifunike kwa gunia, la sivyo mizizi itachemka.

Chombo bora kwa anayeanza, kwa maoni yangu, ni gunia. Wakimbizi wa Dadaab walifundishwa kilimo cha magunia miaka ya 2000, na wakazi wa Kibera wakakifuata kwa wingi baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007. Unasimamisha gunia la nafaka, unaweka katikati nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yashuke sawasawa, unajaza udongo pembeni, kisha unatoboa ubavuni na kupanda miche. Gunia moja kubwa laweza kubeba miche 30 ya sukuma wiki au zaidi, na linakaa hata kwenye roshani ya Eastleigh. Hakikisha tu kuwa lilikuwa la mchele au mahindi, si la mbolea wala la mbegu zilizopakwa dawa. Mbegu hizo huwa na rangi ya waridi au kijani, na vumbi lake hubaki ndani ya nyuzi. Jua hulimaliza gunia baada ya msimu mmoja au miwili. Kwa mchicha na dania kina cha sentimita 15 hadi 20 chatosha; sukuma wiki na nyanya zataka 30. Matundu ya chini yawe matano au sita, unene wa kidole. Wengi hujaza kokoto chini ya chungu wakidhani maji yatatoka upesi. Hazisaidii, zinapunguza tu nafasi ya mizizi.

Sasa udongo. Udongo wa Bura una sifa mbaya tangu siku za kwanza za skimu: mzito, wa mfinyanzi, na chini yake mna chumvi na magadi. Ukiona utando mweupe juu ya ardhi, ondoka hapo. Usipouona, fanya jaribio dogo. Tia kijiko cha udongo ndani ya chupa angavu yenye maji safi ya mvua au ya mto uliyoyachuja, koroga taratibu, uiache hadi kesho. Maji yakiwa meupe, udongo ni mzima. Yakiwa bado kama chai ya maziwa, magadi yamezidi, na hata umwagilie namna gani utashikana kama saruji.

Tope lililoachwa na mafuriko ya Tana ni zuri ajabu, lakini usimtume mtoto kulichota. Mto huo una mamba, nami ningependa kushona majeraha machache zaidi ya namna hiyo. Changanya mafungu mawili ya udongo huo na fungu moja la samadi iliyooza na fungu moja la mchanga. Samadi ya mbuzi huku si haba, ila isiwe mbichi. Ina vijidudu vya kuhara, na katika jamii ya wafugaji inaweza pia kubeba ugonjwa wa brusela, hasa ikitoka zizi ambalo mifugo imeharibu mimba. Irundike, inyunyizie maji, igeuze, ikae miezi 3 au 4 mpaka ipoteze joto na harufu. Anayeishika awe na viatu na awe amechanjwa pepopunda, kwani vimelea vyake huishi katika samadi na udongo, na mwiba mmoja wa mathenge unatosha kuviingiza mwilini. Huo mmea wa mathenge uliletwa Bura miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na sasa umetuzingira. Usitumie majani yake yaliyoanguka. Yana kemikali zinazozuia mbegu nyingine kuota.

Usichote kamwe udongo karibu na gereji, jaa la taka, au mahali palipovunjwa betri za magari. Wanaodhani natia chumvi wakumbuke Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Risasi iliingia katika udongo na katika damu ya watoto, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi haiozi. Mboga hunyonya kidogo tu, lakini vumbi hukaa juu ya majani, na mtoto anayetambaa hula udongo kwa viganja.

Nilisema nitarudi kwenye tairi. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya hutaga mayai ukutani mwa vyombo vyenye maji kidogo, naye hapendi mahali popote kama ndani ya tairi. Mandera ilipigwa na dengi mwaka 2011 na chikungunya mwaka 2016, na Mandera si mbali na sisi kama wanavyodhani watu wa Nairobi. Mbu huyo huuma mchana, kwa hiyo chandarua hakikuokoi. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe angalau mara moja kwa wiki na visuguliwe kwa brashi. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai hunata ukutani na yaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Maji ya kufulia msiyamimine kwenye vyungu kila siku, maana sabuni ya unga huongeza magadi yaleyale tuliyoyakimbia.

Baada ya maonyo yote haya usije ukaacha kupanda. Wajawazito wengi ninaowapima wana upungufu wa damu, na chakula chao ni wali, pasta, maziwa na nyama inapopatikana, mboga ikiwa nadra. Mchicha, kunde na mnavu vina madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri pale tu palipo na vitamini C. Kamulia ndimu juu ya sahani. Na ile chai ya maziwa tunayoipenda inywe saa moja au mbili baada ya chakula, kwani chai huzuia chuma kisiingie mwilini.

Ikitokea mtu wa nyumbani ameanza kutokwa na mate, kutapika, kutetemeka au kuona ukungu baada ya kushika au kukata mtungi, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, wewe mwenyewe ukiwa umefunika mikono. Usimnyweshe maziwa wala kumtapisha kwa nguvu. Hayo humwingizia sumu mapafuni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Mtungi wenyewe, au lebo yake kama ipo, utie katika mfuko uje nao, ili sisi tujue tunapigana na nini.